Nyutro na ethi botini: zikutane wapi?

Niliitwa Mtwapa kwenye boti ya uvuvi. Nahodha alikuwa na kilio kimoja: akichomeka waya wa gatini, unaoleta umeme wa nchi kavu botini, hakuna neno, akiwasha tu birika la umeme, swichi kinga ya gatini inaanguka. Alikuwa ameshanunua birika la pili.

Nikafungua kisanduku cha umeme. Kipande cha waya, urefu wa kidole, kimeunga baa ya nyutro na baa ya ethi, yaani vipande vya chuma vya kufungia waya hizo. Aliyekifunga alizoea nyumba.

Nyutro ndiyo njia ya kurudi: umeme ukishachemsha maji, unarudi kwa waya wa buluu. Ethi, ule wa kijani na manjano, siku za kawaida haubebi kitu, unangoja hitilafu. Nchi kavu hizo mbili zimeshaungwa. Ukiziunga tena botini, umeme wa kurudi unagawanyika: mwingine nyutro, mwingine ethi, na kwa kuwa ethi imefungwa kwenye injini, mwingine unapitia shafti na rafadha hadi majini. Swichi ya gatini inaona kilichoenda na kilichorudi havilingani, inakata. Gatini pasipo na swichi hiyo, anayeogelea kando ya boti yumo hatarini.

Kwa hiyo ziunge kwenye chanzo tu. Umeme wa gatini: huko huko nchi kavu. Jenereta: kwenye jenereta. Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani: ndani yake, na iliyo nzuri ina relei, swichi inayojiendesha yenyewe, ya kuziachanisha umeme wa gatini ukiingia. Swichi ya kubadilisha chanzo nayo ikate laivu, waya unaoleta umeme, na nyutro pamoja. Ya kukata laivu peke yake usinunue, hata kwa bei ya kutupa.

Kupima ni dakika mbili. Chomoa waya wa gatini, zima jenereta na inveta, elekeza swichi ya chanzo upande wa gati. Weka mita ya umeme kwenye mlio, ilie ncha zake zikiunganishwa. Ncha moja pini ya nyutro ya tundu la boti, nyingine pini ya ethi. Ikilia, kuna kiungo mahali: tafuta kisandukuni, kwenye soketi, kwenye inveta.

Rangi usiziamini. Boti iliyotoka Marekani, nyeusi ni laivu na nyeupe ni nyutro. Waya za zamani za Kiingereza, nyeusi ni nyutro. Upande wa betri, nyeusi mara nyingi ni hasi.

Nahodha alikuwa ameshauriwa akate ethi. Kiungo kingebaki, na umeme uliokuwa ukipita humo ungetafuta maji. Nilikata kile kipande, tukanywa chai. Birika la pili nikapewa mimi, sehemu ya ujira.