Acha kusia mbegu zote Januari: hesabu wiki kutoka siku ya kuhamishia

Kila mwaka ifikapo Aprili, wakulima wa bustani walio kwenye nchi za baridi huniletea swali moja. Mche wa nyanya umefika nusu mita, umelalia kioo cha dirisha, majani ya chini yamegeuka manjano, ua la kwanza limeshafunguka, na nje udongo bado ni wa barafu. Wanataka kujua waupe mbolea gani. Hakuna mbolea ya ugonjwa huo. Nikiuliza mbegu zilisiwa lini, jibu halibadiliki: katikati ya Januari, zote siku moja, nyanya na matango na kabichi kwenye trei zilizopakana.

Ndiyo sababu ya kuandika. Namna ya kujaza trei, kufunika mbegu na kumwagilia mnaijua, sitairudia. Hesabu ya tarehe ndiyo inayowapotezea mbegu, umeme na miezi mitatu ya kazi, na wengi hawaifanyi kabisa. Wanasoma mgongoni mwa pakiti, "sia ndani Januari hadi Machi", kisha wanachukua tarehe ya kwanza kwa sababu wamechoka kutazama theluji. Pakiti ile imechapishwa kwa eneo kubwa ambalo upande mmoja huaga baridi wiki nyingi kabla ya upande mwingine. Haijui bustani yako iko bondeni au mlimani.

Anza na tarehe ya jalidi ya mwisho ya mahali pako, yaani usiku wa mwisho wa baridi ya kugandisha kabla ya joto kuingia. Idara za hali ya hewa huitoa, na hapa pana mtego wa kwanza: tarehe inayotajwa sana ni ya wastani. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya miaka jalidi huanguka tena baada ya siku hiyo. Mkulima anayehamishia nyanya bustanini siku ileile ya wastani anacheza kamari ya shilingi iliyorushwa juu. Kama idara yako inatoa pia tarehe ambayo uwezekano wa jalidi umeshuka hadi asilimia 10, itumie hiyo kwa mimea isiyovumilia baridi. Kama haitoi, ongeza wiki mbili juu ya wastani, na uziheshimu.

Mtego wa pili ndio mkubwa. Watu wanahesabu wiki kurudi nyuma kutoka siku ya jalidi ya mwisho, kwa kila zao, kana kwamba mazao yote hutoka nje siku moja. Hayatoki siku moja. Kabichi, brokoli na koliflawa hutoka wiki 2 hadi 4 kabla ya jalidi ya mwisho ya wastani. Vitunguu na liki hutoka wiki 4 kabla. Nyanya hutoka wiki 1 hadi 2 baada yake. Pilipili, biringanya na matango husubiri wiki 2 hadi 3 baada. Tafuta kwanza siku ya kuhamishia ya kila zao. Kutoka hapo ndipo urudi nyuma kwa umri ambao mche unapaswa kuwa nao siku hiyo: nyanya wiki 6 hadi 8, pilipili na biringanya 8 hadi 10, kabichi na jamaa zake 4 hadi 6, saladi 4 hadi 5, seleri, liki na vitunguu 10 hadi 12, matango, maboga na matikiti 3 tu, zikizidi sana 4. Wiki hizo huanza siku mbegu inapoingia udongoni. Siku za kuota zimo ndani yake, na siku za kuzoesha miche nje zimo pia. Usiziongeze tena juu.

Nichukue mfano wa bustani ambayo jalidi ya mwisho kwa wastani ni Mei 10. Nyanya zitahamishiwa Mei 24. Rudi nyuma wiki 6, unafika Aprili 12. Wiki 7, Aprili 5. Pilipili zitatoka Mei 31, kwa hiyo wiki 9 nyuma ni Machi 29. Matango yanatoka siku hiyohiyo ya Mei 31 lakini yanasiwa Mei 10, wiki sita baada ya pilipili. Kabichi inatoka Aprili 19, wiki 5 nyuma ni Machi 15. Vitunguu vinatoka Aprili 12, wiki 10 nyuma ni Februari 1. Tazameni tarehe hizo vizuri. Kati ya mbegu ya kwanza na ya mwisho kuna zaidi ya miezi mitatu. Aliyesia nyanya Januari 15 kwa bustani hiyo atakuwa na mche wa siku 129 siku ya kuhamishia, yaani wiki 18 na zaidi, wakati zao linataka 7. (Walio kusini mwa ikweta wasogeze miezi sita, hesabu ni ileile.)

Jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba mche mkubwa utazaa mapema. Hauzai mapema. Mche wa nyanya uliokaa kwenye kikopo hadi ukachanua umekwisha amua kulisha matunda kabla ya kujenga mizizi. Ukiuweka bustanini husimama kwa wiki mbili au tatu ukijiuguza, na mche mdogo wa wiki 6 uliowekwa pembeni yake huupita. Brokoli na koliflawa ni kali zaidi: zikibanwa kwenye kikopo hadi mizizi ijizungushe, hutoa kichwa kidogo kama kifungo cha shati na haziongezi tena. Kabichi na seleri ambazo shina limeshanenepa, zikikutana na baridi ya chini ya nyuzi 10 za Selsiasi kwa wiki kadhaa, huhesabu kwamba majira ya baridi yamepita na kutoa shina la maua badala ya chakula. Matango yaliyofikisha majani manne ya kweli kwenye kikopo hayapendi kabisa mizizi yake kuguswa. Yanadumaa.

Halafu kuna nafasi, jambo ambalo hakuna anayelipigia hesabu Januari. Trei ya kawaida yenye matundu 72 inachukua takriban sentimeta 28 kwa 54, yaani mita za mraba 0.15. Taa moja inaitosha. Miche hiyo hiyo 72 ikihamia kwenye vyungu vya sentimeta 10 inahitaji mita za mraba 0.72, karibu mara tano. Je, taa zako zimeongezeka mara tano? Hapana. Kwa hiyo nusu ya miche inasogezwa dirishani, na dirisha la majira ya baridi linadanganya. Kwenye latitudo ya digrii 50, mchana wa tarehe 21 Desemba ni wa saa 8 tu, tena jua liko chini na kioo kinakula sehemu ya mwanga. Macho yetu huona pako angavu kwa sababu yanajirekebisha. Mche haujirekebishi, unarefuka kama uzi kuutafuta mwanga, na shina lililorefuka halirudi. Ndiyo maana mimi huona tatizo la miche mirefu myembamba kuwa la kalenda kabla halijawa la taa. Aliyesia kwa wakati ana miche midogo michache chini ya taa aliyo nayo, na Aprili mchana umeshakuwa mrefu wa kumsaidia.

Taa zenyewe: saa 14 hadi 16 kwa siku, kwa saa ya kujizima yenyewe, si kwa kukumbuka. Tyubu za floresenti ziwe sentimeta 5 hadi 10 juu ya ncha za miche, nazo hupandishwa kila miche inapokua. Taa za LED zenye nguvu hukaa juu zaidi, kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Msiziache zikiwaka usiku kucha mkidhani mnaharakisha. Nyanya inayomulikwa saa 24 majani yake hugeuka manjano na kuharibika. Giza la saa 8 ni haki yake.

Joto nalo linaingia kwenye hesabu ya tarehe. Mbegu ya nyanya kwenye udongo wa nyuzi joto 25 huota kwa siku 6 hivi. Kwenye nyuzi 20 ni siku 8. Kwenye 15 ni wiki mbili, na kwenye 10 ni zaidi ya mwezi, kama haijaoza. Pilipili huchukua siku 8 kwenye 25 na karibu 25 kwenye 15. Kwa hiyo anayeweka trei kwenye sakafu ya chumba cha baridi, akaona wiki mbili zimepita bila kitu, akasia tena juu yake, amejitengenezea makundi mawili ya miche ya umri tofauti kwenye trei moja. Pima joto la udongo wenyewe, si la chumba. Chomeka kipimajoto kwenye trei, kwani udongo wenye unyevu huwa wa baridi kuliko hewa iliyouzunguka. Mkeka wa joto unafaa kwa kuotesha tu. Siku mche unapochomoza, uondoe. Nyanya zilizokwisha ota zinataka nyuzi 18 hadi 21 mchana na 15 hadi 18 usiku. Kuziacha juu ya mkeka ni njia nyingine ya kupata uzi badala ya shina, na unyevu wa joto wenye hewa iliyotuama huita kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche. Shina likinywea usawa wa udongo na mche ukaanguka, huo haurudi. Tupa, na usitumie udongo wa bustani kwenye trei.

Na hamu ya Januari je? Naielewa, na kazi ipo: pima mbegu za zamani. Mara nyingi watu husia mapema kwa hofu kwamba mbegu zimekufa na wanataka muda wa kurudia. Basi ijue hali yake sasa. Weka mbegu 10 kwenye karatasi laini yenye unyevu, ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki, uiache mahali pa joto kwa siku 7 hadi 10, pilipili hadi 14. Zikiota 8, sia kama kawaida. Zikiota 5, sia maradufu. Zikiota 2, nunua mpya. Vitunguu msivihurumie: mbegu yake hupoteza nguvu upesi, mara nyingi mwaka mmoja tu.

Vitunguu hivyo hivyo ndivyo ninavyowaruhusu wenye haraka. Kitunguu huanza kutengeneza tunguu kwa urefu wa mchana, bila kujali umri wake, na kila jani lililokwisha toka kabla ya siku hiyo linaongeza tabaka. Anayechelewa kusia vitunguu atavuna vidogo. Kwa hiyo vitunguu na liki vinaweza kuingia trei mwishoni mwa Januari au Februari mapema kwa bustani niliyoitolea mfano. Majani ya vitunguu yakianza kulala, yakateni kwa mkasi yabaki sentimeta 10. Hata hivyo, miche isizidi unene wa penseli kabla ya kutoka nje, la sivyo baridi itaisukuma kutoa ua. Mbegu ya seleri haifunikwi udongo. Inataka mwanga ili iote.

Siku 7 hadi 10 za mwisho kabla ya kuhamishia ni za kuzoesha miche. Siku ya kwanza itoke kwa muda wa saa 1 hadi 2 tu, kivulini, mahali pasipo na upepo. Kila siku ongeza saa moja au mbili na jua kidogo. Punguza maji, usiyakate. Nyanya, pilipili na matango yarudi ndani usiku ukitazamiwa kushuka chini ya nyuzi 10. Mwenye kuruka hatua hii akatoa miche moja kwa moja juani ataona majani meupe kama yamemwagiwa maji ya moto, na hapo wiki saba za kazi zimeungua kwa mchana mmoja. Mche wa nyanya ulio tayari una sentimeta 15 hadi 20, shina la unene wa penseli, majani ya kijani iliyoiva, hauna ua.

Tarehe ikifika, kalenda inakabidhi kazi kwa kipimajoto. Pimeni udongo wa bustani asubuhi, kina cha sentimeta 10, siku nne mfululizo. Nyanya zinataka nyuzi 15, pilipili na matango 18. Kama haijafika, subirini, hata kama jirani ameshapanda.

Kwa wale ambao Aprili imewakuta na miche mirefu tayari, fanyeni hivi. Nyanya zinaokolewa: ng'oa maua yote na majani ya chini, kisha siku ya kuhamishia chimba mfereji wa kina cha sentimeta 10, laza shina ndani yake, inua ncha taratibu itokeze nje. Shina lililozikwa litatoa mizizi urefu wake wote. Pilipili hazisaidiki kwa kuzikwa. Zihamishie kwenye chungu kikubwa zaidi, ondoa maua, zisogeze karibu na taa. Brokoli na koliflawa zilizobanwa zitupeni na kusia upya leo, bado kuna muda. Matango na maboga pia yatupeni, na msisie mapya ndani. Ngojeni udongo ufike nyuzi 18, mzipande mbegu moja kwa moja bustanini, kina cha sentimeta 2.