Bei ya Mafuta Ikipanda: Namna ya Kuifikisha Lawama kwa Anayepaswa Kujibu

Tarehe 14 ya kila mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ya Kenya hutangaza bei ya juu zaidi ya petroli, dizeli na mafuta taa, na bei hiyo huanza kutumika usiku wa kuamkia tarehe 15. Ikiwa imepanda, kufikia asubuhi wahudumu wa boda boda wa Kondele mjini Kisumu wanabishana na abiria wao, wavuvi wa Dunga wanapunguza lita wanazotia kwenye injini za mashua, na wakulima wa mpunga wa Ahero wanaanza kuhesabu upya gharama ya trekta. Lawama huenda kila upande: kwa serikali, kwa makampuni ya mafuta, kwa mwenye kituo cha jirani. Nyingi kati ya lawama hizo zina msingi, lakini lawama isiyotaja ni sehemu gani ya bei inayolalamikiwa, wala ni ofisi gani iliyoiamua, haimlazimu mtu yeyote kujibu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na hesabu kabla ya kufika kwenye barua na maandamano.

Soma bei ya mji wako kwanza

Taarifa za redio na runinga hutaja bei ya Nairobi, ilhali EPRA huambatisha orodha ndefu ya miji, kila mmoja na bei yake. Mafuta yanayokuja kwetu magharibi mwa Kenya hupitia bomba la Kampuni ya Mabomba ya Mafuta (KPC) kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha Nakuru, na yanapofika Sinendet bomba hugawanyika, tawi moja likielekea Eldoret na jingine Kisumu. Kutoka kwenye bohari hizo mafuta husafirishwa kwa malori hadi Busia, Siaya, Homa Bay na kwingineko, na gharama ya safari hiyo huongezwa kwenye bei. Kwa hiyo mkazi wa Homa Bay anayelinganisha bei ya kituo chake na bei ya Nairobi anaweza kumshtaki mfanyabiashara asiye na kosa.

Baada ya hapo, igawe bei ya lita moja katika mafungu manne. La kwanza ni gharama ya kufikisha shehena Mombasa, ambayo hulipwa kwa dola na kugeuzwa kuwa shilingi. La pili ni usafirishaji na uhifadhi ndani ya nchi. La tatu ni faida ya wauzaji wa jumla na wa rejareja, na la nne ni kodi na tozo.

Fungu la kwanza huwachanganya watu wengi. Kenya haijasafisha mafuta ghafi tangu kiwanda cha Changamwe kilipoacha kazi hiyo mwaka 2013. Tunanunua petroli na dizeli zilizokwisha kusafishwa, kwa hiyo bei ya pipa la mafuta ghafi inayosomwa kwenye habari si bei tunayolipa. Isitoshe, EPRA hutumia gharama ya shehena zilizokwisha kufika, si bei ya soko ya siku ya tangazo, na ndiyo sababu nafuu ya dunia huchelewa kuonekana kwenye pampu. Thamani ya shilingi nayo ina uzito mkubwa. Mapema mwaka 2024 dola moja ilikuwa imefika takriban shilingi 160, na baadaye mwaka huohuo ikawa karibu shilingi 129. Petroli iliyouzwa Nairobi kwa shilingi 217.36 katika tangazo la Oktoba 2023 ilikuwa imeshuka hadi 180.66 katika lile la Oktoba 2024, na sehemu ya nafuu hiyo ilitokana na shilingi kupata nguvu.

Fungu la nne ndilo linaloweza kubadilishwa na watu tuliowachagua wenyewe. Kwa lita moja ya petroli, ushuru wa bidhaa ulikuwa takriban shilingi 21.95, Tozo ya Ukarabati wa Barabara shilingi 25 baada ya kupandishwa kutoka 18 mnamo Julai 2024, na Tozo ya Ustawi wa Petroli shilingi 5.40. Hizo tatu pekee zinapita shilingi 52, kabla ya kugusa tozo ndogondogo na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliipandisha kutoka asilimia 8 hadi 16. Tofauti kati ya kodi hizi ni muhimu: tozo ya barabara ni kiasi kilekile kila mwezi, lakini kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia, na kwa hiyo bei ya dunia inapopanda serikali hukusanya zaidi bila kupitisha sheria yoyote mpya. Viwango vya sasa vichukue kwenye taarifa ya mwezi unaoulalamikia, kwa sababu barua yenye takwimu zilizopitwa na wakati hutupiliwa mbali kwa urahisi.

Faida ya makampuni: uliza swali lenye jina

Mwaka 2022, wakati dunia nzima ikilia na bei, ExxonMobil ilipata faida ya takriban dola bilioni 55.7 na Shell ikakaribia dola bilioni 40. Uingereza ilianzisha kodi maalumu ya faida hizo Mei mwaka huohuo. Ni haki mkazi wa Kisumu kukasirishwa na tarakimu hizo, ila hazitamsaidia sana hapa, kwani faida ya kampuni inayouza mafuta Kenya huwekwa na EPRA kwa kiasi maalumu kwa kila lita. Bei ikipanda kwa shilingi 20, fungu halali la kampuni haliongezeki kwa sababu hiyo pekee. Kusema tu kwamba "makampuni yanapandisha bei kwa tamaa" ni kuwapa jibu jepesi: watakuonyesha kanuni na mazungumzo yataishia hapo.

Kwa maoni yangu, kuna maswali matatu yanayouma zaidi. La kwanza ni kiwango hicho cha faida kilifikiwaje, maana EPRA hukiweka kwa kutegemea utafiti wa gharama za biashara, na mlipaji ana haki ya kuuona utafiti huo. La pili linahusu mpango wa serikali kwa serikali ulioanza mwaka 2023, ambapo Saudi Aramco, ADNOC na ENOC huiletea Kenya mafuta kwa mkopo wa siku 180, na makampuni ya Gulf Energy, Galana na Oryx yakateuliwa kuyapokea hapa nchini. Kabla ya hapo kila shehena ilishindaniwa kwa zabuni ya wazi. Juu ya bei ya soko hulipwa nyongeza kwa kila tani, ambayo wenye biashara huiita primiamu, na nyongeza hiyo sasa hujadiliwa mezani badala ya kushindaniwa. Sidai kwamba mezani kuna wizi. Nasema kwamba hapo ndipo mwananchi anapoona kidogo zaidi, na hapo ndipo maswali yanapaswa kuwa mengi zaidi.

Swali la tatu ni la ruzuku. Katika miezi ambayo serikali hupunguza makali ya bei, makampuni hufidiwa kwa fedha za Tozo ya Ustawi wa Petroli, yaani fedha ambazo mnunuzi alizitoa mwenyewe kwenye pampu. Fidia ikichelewa, anayeumia ni mnunuzi yuleyule. Aprili 2022 malimbikizo ya madeni hayo yaliambatana na uhaba mkubwa wa mafuta, na foleni za Kisumu, Nakuru na Eldoret bado zinakumbukwa, huku serikali ikiyashutumu baadhi ya makampuni kwa kuuza nje mafuta yaliyotengewa soko la ndani.

Anayetaka kusoma hesabu za kampuni yenyewe aanze na TotalEnergies Marketing Kenya, ambayo hisa zake huuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi na kwa hiyo hulazimika kuchapisha taarifa zake za fedha kila mwaka. Gawanya faida kwa mauzo, ulinganishe na miaka iliyotangulia, na utakuwa na hoja iliyo bora kuliko kelele.

Kituo kilichovunja sheria

Hili ni jepesi. Kituo kikiuza juu ya bei iliyotangazwa kwa mji wako, dai risiti, piga picha ya bango la bei na ya pampu, andika tarehe na saa, kisha upeleke malalamishi EPRA. Ukishuku kwamba lita si lita kamili, afisa wa vipimo na mizani wa kaunti ndiye anayepima na kupiga muhuri pampu. Nauli ya matatu ni jambo jingine kabisa: EPRA haina mamlaka juu yake, na wenye sako (vyama vya wamiliki wa matatu) ambao hupandisha nauli siku bei inapopanda wakasahau kuishusha inaposhuka wanapaswa kuulizwa moja kwa moja kwenye steji.

Kodi na tozo: milango miwili tofauti

Ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani hubadilishwa kwa Mswada wa Fedha, ambao hufikishwa katika Bunge la Taifa kufikia mwisho wa Aprili na kupitishwa kabla ya mwisho wa Juni. Kamati ya Fedha ya bunge hilo hukaribisha maoni ya umma katika kipindi hicho. Andika kurasa mbili, taja nambari ya kifungu unachokipinga na upendekeze maneno ya kukibadilisha. Shinikizo la aina hii limewahi kuzaa matunda: Septemba 2018 kodi ya asilimia 16 ilipoanza kutozwa mafuta, upinzani wa umma na mgomo wa wasambazaji ulichangia kushushwa kwake hadi asilimia 8 mwezi uohuo. Lakini mwaka huohuo, huku macho yote yakiwa kwenye petroli, mafuta taa yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli, yaani kuichanganya na mafuta taa, na mzigo ukamwangukia mwenye jiko la mafuta na kibatari. Soma mswada wote, basi, si kifungu kimoja kinachozungumziwa mjini.

Tozo ya barabara na ile ya ustawi wa petroli hazipitii mlango huo. Huwekwa kwa agizo la waziri linalochapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na anayesubiri Mswada wa Fedha ili azipinge atasubiri bure. Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013 hutaka maagizo kama hayo yawasilishwe bungeni, ambako yanaweza kubatilishwa. Mbunge wako ndiye wa kumbana kuhusu hili, na upesi.

Barua ya kuomba habari

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 humpa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa ofisi ya umma. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, hulazimiki kueleza unaitakia nini habari hiyo, na asiyeweza kuandika ana haki ya kusema ombi lake liandikwe na afisa. Mfano wa maneno yanayotosha ni huu:

"Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba, naomba nakala ya utafiti wa gharama uliotumika kuweka faida ya wauzaji wa jumla na wa rejareja katika bei ya petroli iliyotangazwa tarehe (taja), kiwango cha nyongeza kilicholipwa kwa kila tani ya shehena zilizotumika kukokotoa bei hiyo, na kiasi kilichotolewa katika Tozo ya Ustawi wa Petroli kuyafidia makampuni katika kipindi hicho."

Ofisi inapaswa kuamua ndani ya siku 21. Ikinyamaza, kimya hicho huhesabiwa kuwa ni kukataa, nawe una siku 30 za kukata rufaa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ambayo wengi huifahamu kama Ombudsman. Usikabidhi barua bila kubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe.

Nakala hiyo ina kazi kubwa kuliko unavyodhani. Kifungu cha 119 cha Katiba humruhusu mtu yeyote kuwasilisha ombi rasmi bungeni, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, lakini sheria ya mwaka 2012 inayoongoza maombi hayo humtaka aeleze juhudi alizokwisha kufanya kwenye ofisi husika na kama jibu lilimridhisha, na athibitishe pia kwamba jambo hilo haliko mahakamani. Chama cha boda boda cha Kisumu kilichokwisha kuandikia EPRA na kupuuzwa kina ombi lenye nguvu kuliko sahihi elfu zilizokusanywa soko la Kibuye kwa siku moja bila barua iliyotangulia.

Mkiamua kuandamana

Kifungu cha 37 hulinda maandamano ya amani yasiyo na silaha. Sheria ya Utangamano wa Umma hutaka mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14 kabla ya siku yenyewe, ikitaja jina na anwani ya mwandalizi, njia itakayopitwa, na muda ulio kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Hiyo ni taarifa, si maombi ya ruhusa. Afisa anaweza kusema siku au mahali hapo hapapatikani kwa sababu kuna mkutano mwingine uliokwisha kutolewa taarifa. Igongesheni muhuri nakala yenu.

Kwa kuwa bei hutangazwa tarehe 14, anayetaka kuandamana tarehe 15 atalazimika kutoa taarifa kabla ya kujua bei itakuwa ngapi, na mara nyingi madai yake yatakuwa ya jumla mno. Ni afadhali tarehe ichaguliwe kwa kufuata ratiba ya Kamati ya Fedha ya mwezi Mei, au juma ambalo agizo la waziri linajadiliwa bungeni, na bango la mbele lisomeke kama barua iliyotangulia: jina la tozo, kiwango chake kwa lita, na ofisi inayotakiwa kuipunguza.