Ukishaliegesha Gari-Nyumba, Utazungukaje?

Tatizo hujitokeza asubuhi ya pili ya safari. Gari-nyumba, ambalo Waswahili waishio Marekani wamezoea kuliita arivii, limeshaegeshwa kambini, limesawazishwa kwa jeki, limeunganishwa na umeme, maji na bomba la majitaka, na ubavu wa sebule umesukumwa nje ili watoto wapate pa kuchezea. Kisha maziwa yanaisha, na duka liko umbali wa kilomita 8. Kwenda dukani kwa gari hilo ni kuchomoa nyaya na mabomba, kurudisha ubavu ndani, kufunga makabati, kuondoa mezani kila chombo kinachoweza kuanguka na kupandisha jeki, halafu kuyafanya yote hayo upya ukirudi. Nusu saa hupotea kabla ya kuondoka na nusu saa nyingine baada ya kufika, na bado hujatafuta mahali pa kuegesha chombo chenye urefu wa mita 9 mbele ya duka.

Mtu aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam hakuzoea kulifikiria jambo hili, kwa sababu bodaboda hungoja kona ya kila mtaa na daladala au matatu haikosekani. Vijijini Marekani, na hasa karibu na hifadhi za taifa ambako gari-nyumba hupendwa zaidi, mambo si hivyo. Teksi za kuitwa kwa simu ni chache au hazipo kabisa, na mara nyingi mtandao wa simu wenyewe haushiki. Katika safari yetu ya kwanza tulikodi gari kubwa, tukachagua kambi kwa kuangalia bei na picha, na tulipofika tukagundua kwamba basi la hifadhi halikuwa na kituo karibu nasi. Siku tatu tulizokaa pale zilikuwa za kuunganisha na kuchomoa mabomba. Tangu hapo nimekuwa nikimshauri kila anayeniuliza afuate mpangilio ulio kinyume na ule wa wengi: aamue kwanza atazungukaje, kisha achague kambi inayokubaliana na uamuzi huo, na mwisho kabisa ndipo akodi au anunue gari.

Ukubwa wa gari huamua njia

Gari-nyumba huja katika aina tatu kuu. Lile lililojengwa ndani ya bodi ya van, ambalo Wamarekani huliita daraja B, huwa na urefu wa mita 5.5 hadi 7 hivi, na kwa kawaida unaweza kuzunguka nalo mjini na kuliegesha sokoni bila taabu kubwa. Daraja C, lenye chumba cha kulala juu ya dereva, ndilo linalokodishwa sana na familia, na mengi yake yana urefu wa kati ya mita 6 na 10. Daraja A, lenye umbo la basi, hufika hadi mita 13.7. Nafasi ya kawaida ya maegesho haizidi sana mita 5.5, kwa hiyo daraja C na A litahitaji nafasi mbili au zaidi, na kwingine halitapata hata moja.

Ukubwa hauhusu maegesho tu. Katika hifadhi ya Glacier, jimboni Montana, gari lenye urefu unaozidi futi 21, yaani mita 6.4, au upana unaozidi futi 8 pamoja na vioo vya pembeni, haliruhusiwi kwenye sehemu ya juu ya barabara ya Going-to-the-Sun, kati ya Avalanche na Rising Sun. Sehemu hiyo ndiyo iliyowaleta wageni wengi, na mwenye gari kubwa asiyejipanga huishia kuisikia kwa majirani zake wa kambi. Katika hifadhi ya Acadia, jimboni Maine, gari-nyumba haliruhusiwi kupanda barabara ya kilele cha Cadillac, na daraja la mawe lililo chini kuliko yote kwenye barabara ya mzunguko lina kimo cha mita 3.1 tu, ilhali gari-nyumba nyingi zinapita mita 3.3 ukihesabu kiyoyozi cha juu ya paa. Kwa hiyo pima kimo cha gari lako kwa futi, kiandike kwenye karatasi, uibandike mbele ya usukani. Dereva anayelikaribia daraja hana muda wa kubadili mita kuwa futi kichwani.

Mitungi ya gesi ya kupikia nayo ina masharti yake. Mahandaki ya Holland na Lincoln yanayoingia Manhattan, jijini New York, hayapokei magari yenye gesi hiyo, wala yale mawili yanayopita chini ya bandari ya Baltimore hayapokei gari-nyumba lenye mtungi wa ukubwa wa kawaida. Zamani madereva waliokataliwa Baltimore walipita juu ya daraja la Francis Scott Key, lakini daraja hilo lilianguka tarehe 26 Machi 2024 baada ya kugongwa na meli, hivyo sasa yafaa kuuzunguka mji kwa upande wa magharibi kwa barabara ya 695. Programu ya ramani ya simu ya kawaida haijui kwamba umebeba gesi wala kwamba una mita 3.5 kwenda juu. Tumia ramani zilizotengenezwa kwa ajili ya malori au gari-nyumba, zinazokuruhusu kuingiza vipimo vyako.

Kambi iliyo karibu na kituo cha basi

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kuliacha gari-nyumba mahali pamoja na kupanda basi, nayo inawezekana mahali pengi kuliko watu wanavyodhani. Hifadhi ya Zion, jimboni Utah, ni mfano bora. Tangu mwaka 2000 hifadhi hiyo inaendesha mabasi ya bure, na kwa sehemu kubwa ya mwaka, mabasi yanapokuwa kazini, magari binafsi hayaruhusiwi kabisa kuingia barabara ya bondeni. Mwenye gari dogo na mwenye gari kubwa wanakuwa sawa: wote wanapanda basi. Ukipata nafasi katika kambi ya Watchman, ambayo ina sehemu zenye umeme, unatembea kwa miguu dakika chache hadi kituo kikuu. Ukikosa, mji wa Springdale ulio langoni una basi lake, nalo ni la bure. Kinachotakiwa ni kuweka nafasi mapema, miezi kabla, kwa sababu wengi wameshalijua hilo.

Ukingo wa kusini wa Grand Canyon, jimboni Arizona, uko vivyo hivyo. Kambi ya Trailer Village inapokea magari marefu, ina umeme, maji na bomba la majitaka, na mabasi ya bure ya hifadhi husimama karibu. Barabara ya Hermit, yenye mandhari ya magharibi ya ukingo, hufungwa kwa magari binafsi kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Novemba, na mahali inapoanzia njia ya kushukia bondeni ya South Kaibab hapafikiwi kwa gari binafsi mwaka mzima. Anayekwenda huko na gari-nyumba hapotezi chochote kwa kutokuwa na gari dogo. Acadia nako mabasi ya Island Explorer, yaliyoanza mwaka 1999, hubeba watu bure wakati wa kiangazi na mwanzoni mwa vuli, na baadhi ya njia zake hupita kambini.

Miji mikubwa nayo ifikirie hivyo hivyo. Usithubutu kuliingiza gari-nyumba katikati ya Washington. Lilaze katika jimbo jirani la Maryland, kwa mfano katika kambi ya Greenbelt Park inayosimamiwa na idara ya hifadhi za taifa, isiyo na umeme wala maji kwenye nafasi za kuegesha, kisha nenda stesheni ya Greenbelt, ambako treni ya njia ya kijani huanzia, ukashuke Archives, hatua chache kutoka makumbusho.

Kabla ya kulipia kambi yoyote, iulize mambo haya kwa simu: kituo cha basi kiko umbali gani kwa miguu, njia ya kukifikia ina kijia cha waenda kwa miguu au ni pembezoni mwa barabara kuu, basi la kwanza na la mwisho hupita saa ngapi, na je, basi hilo linafanya kazi tarehe zako. Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa. Mabasi mengi ya hifadhi ni ya msimu, na anayefika wiki moja baada ya msimu kuisha hukuta nguzo ya kituo bila basi.

Kukokota gari dogo

Anayesafiri kwa miezi, au anayekwenda mahali pasipo na basi, mara nyingi hukokota gari dogo nyuma ya gari-nyumba. Jambo hili lina faida kubwa, na pia ndilo linaloharibu mali nyingi kwa kutojua, kwa hiyo nalieleza kwa urefu.

Si kila gari linaweza kukokotwa likiwa na magurudumu manne chini. Katika magari mengi ya otomatiki, pampu inayosambaza oili ndani ya giaboksi huendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanazunguka, gia husagana bila oili, na baada ya kilomita kadhaa giaboksi huungua. Kuweka nyutro peke yake hakuliokoi. Jeep Wrangler hupendwa na wenye gari-nyumba kwa sababu kisanduku chake cha kugawia nguvu za foo-wili kinaweza kuwekwa nyutro, na giaboksi ikatengwa kabisa na magurudumu. Honda CR-V ilikuwa ikikokotwa hivyo hadi toleo la 2014, lakini kuanzia la 2015, lilipobadilishwa giaboksi, haifai tena. Mfano huo unaonyesha kwa nini usikubali neno la muuzaji wala la jirani: fungua kijitabu cha gari lenyewe, la mwaka huohuo, usome sehemu inayohusu kukokotwa, na ufuate hatua zake moja baada ya nyingine.

Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele lisiloruhusiwa kukokotwa kwa magurudumu manne linaweza kupandishwa magurudumu ya mbele juu ya kitrela cha magurudumu mawili, ingawa utahitaji mahali pa kukiweka kitrela hicho kambini. Gari lolote linaweza kubebwa juu ya trela kamili, ila uzito unaongezeka sana.

Uzito ndio hesabu ya pili. Gari-nyumba lina kikomo cha uzito wa jumla wa lenyewe pamoja na kinachokokotwa, na kiunganishi cha nyuma nacho kina kikomo chake. Unafuata kilicho kidogo. Pima gari-nyumba likiwa limejaa maji, mizigo na abiria, katika mizani ya malori iliyo kwenye vituo vikubwa vya mafuta. Majimbo mengi hudai breki kwa kinachokokotwa kikizidi pauni 3,000, yaani kilo 1,360 hivi, na mengine hudai kwa uzito mdogo zaidi. Mimi nasema weka breki kwa hali yoyote, pamoja na swichi inayozifunga iwapo gari litachomoka, minyororo miwili iliyopishanishwa chini ya kiunganishi, na taa za nyuma zinazowaka sambamba na zile za gari-nyumba.

Ukishaunganisha magurudumu manne, usirudi nyuma hata kidogo. Magurudumu ya mbele ya gari linalokokotwa hugeuka upande yenyewe na kukunja vyuma vya kukokotea. Kwa sababu hiyo chagua vituo vya mafuta unavyoweza kuingia upande mmoja na kutokea mwingine, na kambini omba nafasi ya kupita moja kwa moja. Ukinaswa mahali finyu, shuka, lifungue gari dogo, kisha uligeuze gari-nyumba. Dakika 10 za kufungua ni bei rahisi. Anayekodi asome mkataba kwanza, maana makampuni mengi hayaruhusu kukokota chochote.

Baiskeli, na gari la kukodi kwa siku

Baiskeli ya umeme inatosha kwa mkate, maziwa na matembezi ya kilomita 15. Huko Zion unaweza kuipanda kwenye barabara ya bondeni isiyo na magari binafsi, ilimradi usimame pembeni basi likupite. Acadia, njia za zamani za magari ya farasi hupokea zile za daraja la kwanza tu, yaani zinazosaidia pale unapokanyaga pedali na kuacha kusaidia zikifika maili 20 kwa saa. Angalia uzito wake: baiskeli mbili zinaweza kufika kilo 60, na nyuma ya gari-nyumba ndiko mtikisiko ulipo mkali. Nunua kibebeo kilichothibitishwa na mtengenezaji kwa matumizi ya gari-nyumba, na usikifunge kwenye bampa nyembamba.

Na ikiwa safari nzima ina siku moja au mbili tu za kuzunguka mbali, kodi gari dogo kwa siku hizo. Kukokota gari kilomita 3,000 ili ulitumie mara mbili ni kuchoma mafuta bure.

Ikibidi kutoka na gari-nyumba lenyewe, toka alfajiri, kwa kuwa maegesho ya magari marefu hifadhini ni machache na hujaa mapema, na uache viti au kibao kwenye nafasi yako ili mgeni asidhani umehama. Ununuzi wa siku tatu za kwanza ufanye siku ya kufika, kabla hujaingia langoni, ukiegesha mwisho kabisa wa uwanja wa duka kubwa, gari likielekea njia ya kutokea.