SOMO: Kumzoesha mtoto wa mbwa kukaa kwenye keji bila vita (soma kabla hujaniuliza)

Jamani nimechoka, swali ni hili hili kila wiki, kwa simu, kwa meseji, mpaka sokoni Kongowea niko na viazi vyangu mtu ananishika mkono ati "wangu hataki keji". Naandika mara moja. Keji si ya adhabu, ukimfungia humo kwa hasira unaanza upya.

1. Saizi: asimame, ageuke, alale kajinyoosha. Ikizidi hapo atakojoa kona hii alale ile. Kama umenunua ya ukubwani weka kizuizi katikati.

2. Mahali: ndani, penye upepo, usiku karibu na kitanda chako. Si kwenye baraza linalopigwa na jua la saa nane. Kola vua, inanasa kwenye nyavu.

3. Chakula chote akile humo, mlango wazi, bakuli lianzie mlangoni lisogee ndani pole pole. Usimsukume.

4. Kufunga mlango. Hapa ndipo wengi mnaharibu. Mtoto kaingia kula, nyinyi mnafunga, mnavuka zenu Likoni, mnarudi jirani kasimama mlangoni. Mlango unafungwa akiwa anakula na unafunguliwa KABLA hajamaliza. Kesho unafungua akimaliza tu, kesho kutwa unahesabu mpaka kumi, halafu dakika, halafu unaenda jikoni unarudi, na siku nyingine unapunguza makusudi ili asione kila mara ni kuongezwa tu. Akilia kile kilio cha kudeka usimtazame usimsemeshe, ngoja anyamaze hata sekunde mbili ndo ufungue, manake ukifungua akiwa analia ushamfundisha kuwa kelele zinalipa. LAKINI aking'ata vyuma, akikwaruza sakafu, mate yakimtiririka, hiyo si deko, ni hofu, usingoje anyamaze, mtoe, umekimbiza hatua, rudi nyuma. Na akihema ulimi nje angalia joto kwanza. Mbwa hatoi jasho kama wewe, anajipoza kwa kuhema, na kaskazi hii yenye unyevu haimsaidii. Lile blanketi la kufunikia mliloliona kwenye video za Ulaya liacheni huko huko, leso nyepesi upande mmoja yatosha. Akilegea, akitapika, ufizi umekuwa mwekundu sana: mmwagie maji ya kawaida, mwashie feni, na mbio kwa daktari wa mifugo.

5. Kutoka nako kuna adabu. Shika komeo, akirukia mlango unaurudisha taratibu (angalia pua na vidole!), akikaa unafungua kidogo, akichomoka unarudisha tena. Anatoka ukisema "haya". Ikishamwingia utamkuta kitako kimegusa sakafu, mkia unafagia, macho yake yako kwenye vidole vyako.

6. Mkojo: kila mwezi wa umri ni kama saa moja ya kubana. Wa miezi mitatu, mchana asikae humo zaidi ya masaa matatu. Nje kabla ya kuingia, nje mara tu akitoka.

MASWALI

Bamburi_kijana: sasa wangu analia usiku nifanyeje

Jibu: Namba 4.

Bamburi_kijana: nimeona lakini ni ndefu sana

Jibu: Usiku nao ni mrefu.

MamaTasha: Mimi natoka saa kumi na mbili asubuhi narudi saa kumi na mbili jioni, wangu ana miezi miwili, namfungia na maji humo. Kuna shida?

Jibu: Kuna. Soma 6 upige hesabu. Tafuta mtu wa kumtoa mchana au mtengee kona salama yenye kivuli, keji haimlei mbwa.

MamaTasha: Umekuwa mkali

Jibu: Mimi sijamfungia mtu.

Dada_wa_Tudor: Kaka samahani, wangu mchana katulia kabisa, ila stima ikipotea usiku anaamka anabweka. Ni giza?

Jibu: Swali zuri dada. Giza sidhani, gizani mbwa anaona kutushinda. Feni ikizima joto linapanda, halafu ule mvumo wake ulikuwa unafunika sauti za nje, sasa anasikia paka, boda, mlinzi wa jirani anakohoa. Jaribu mchana akiwa kalala, zima feni mwenyewe, mdondoshee kipande cha maini ya kuchemsha, washa tena. Akiamka usiku mtoe na kamba, akojoe kimya bila mchezo, mrudishe. Akishakojoa na bado anabweka basi ni feni hiyo.

Likoni_pwani: Wangu akisikia adhana ya alfajiri anaitikia kwa mlio mrefu, majirani wamenuna

Jibu: Wengi hujibu sauti ndefu hivyo, ving'ora pia, usimpige. Keji ihamie chumba cha mbali na spika, na dakika chache kabla mpe mfupa mkubwa mbichi agugune ukiwa unamwangalia. Si wa kupikwa, huo unavunjika ncha ncha. Na jirani mwendee wewe kwanza, usingoje aje.

Mikindani_fundi: Nikichomelea keji mwenyewe itakula kutu?

Jibu: Na hii chumvi ya bahari, itakula. Piga rangi ya kuzuia kutu kwanza kabla ya rangi yenyewe, ikauke mpaka harufu iishe ndo umwingize. Pembe zisiwe na vijishimo, kupe wanajificha humo. Saga maungio yote, kisha vaa soksi kuukuu mkononi uipitishe ndani kote, ikinasa popote rudi na mashine.