Ukifungiwa nje na programu-jalizi ya ulinzi

Programu-jalizi (plugin) ya ulinzi ya WordPress ikikukatalia kuingia kwenye tovuti yako mwenyewe, usikimbilie kufuta kitu. Jaribu kwanza kuingia kwa data ya simu badala ya Wi-Fi. Ukiingia, basi kilichozuiwa ni anwani yako ya IP tu. Iondoe kwenye orodha ya waliozuiwa, yameisha.

Ikigoma huko pia, fungua kidhibiti faili cha seva, nenda wp-content/plugins, ubadilishe jina la folda ya programu hiyo, mfano uongeze "-zima" mwishoni. WordPress isipoiona, inaizima. Ingia, fungua ukurasa wa programu-jalizi, kisha rudisha jina la awali.

Wanaotumia Wordfence (mojawapo ya programu hizo za ulinzi), hapa ndipo wengi hujikwaa: msifute faili lake la wordfence-waf.php kabla ya kuondoa mstari wa auto_prepend_file, unaoiagiza seva ipakie faili hilo kwanza, kwenye faili la mipangilio la .user.ini au .htaccess. Mkikosea mpangilio, tovuti nzima inaanguka. Na .user.ini kwa kawaida husomwa upya kila baada ya sekunde 300, kwa hiyo subirini dakika 5 hivi ndipo mfute. (Mimi sikusubiri. Nilijuta.)