Kuvuna Mboga Kabla na Baada ya Jalidi katika Vishamba vya Uingereza

Wengi wetu tunaokodi vishamba vya halmashauri huku Uingereza, ambavyo kwa kipimo cha kawaida ni kama mita za mraba 250, huingiwa na haraka kila ifikapo mwishoni mwa Oktoba, tukataka kung'oa kila kilichosimama. Haraka hiyo inafaa kwa mazao machache tu. Yanayostahili kuwahiwa na yanayostahili kusubiriwa hutenganishwa na jalidi, yaani ule umande unaoganda usiku, majani yakaamka kama yaliyonyunyiziwa chumvi.

Nyanya, maharage na maboga hayastahimili jalidi hata usiku mmoja. Nyanya zilizokomaa lakini bado ni za kijani zitaivia ndani ya nyumba zikifungiwa kwenye droo pamoja na ndizi mbivu, kwa kuwa ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoivisha. Boga likatwe kwa kisu na kuachiwa kikonyo kirefu, wala lisibebwe kwa kikonyo hicho. Mwaka wangu wa kwanza nililibeba hivyo, kikang'oka, na kabla ya Krismasi uozo ulioanzia kwenye tundu lile ulikuwa umelimaliza boga zima. Baada ya kuvunwa, lianikwe mahali pakavu penye jua kwa siku 10 hivi ili ganda lipate kuwa gumu.

Viazi vichimbwe siku isiyo na mvua, viachwe saa chache vikauke, kisha vitiwe katika magunia ya karatasi au ya katani na kuwekwa gizani, kwani mwanga huvigeuza kuwa vya kijani na kuongeza sumu ya solanini. Kilichokatwa na jembe kipikwe jioni hiyo hiyo.

Karoti na bitiruti zisioshwe. Majani yasokotwe kwa mkono hadi yakatike, hasa ya bitiruti, ambayo ikikatwa kwa kisu karibu na mzizi huvuja utomvu wake mwekundu hadi ikasinyaa. Zipangwe katika sanduku la mbao bila kugusana, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likifunikwa kwa mchanga wenye unyevu kidogo tu. Moja ikiwa na tundu la funza, itolewe, maana itaoza na kuambukiza jirani zake.

Sukuma wiki hubaki shambani. Chuma majani ya chini, kilele ukiache, na usiyaguse yakiwa yameganda. Liki, zile mboga ndefu za jamii ya vitunguu, nazo husubiri, zikang'olewa kwa kulegezwa kwanza kwa uma wa kulimia. Pasnipu, ule mzizi mweupe unaofanana na karoti, ndiyo ya kuchelewesha zaidi ya zote, kwa sababu baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari. Anayeichimba Septemba hula mzizi usio na utamu wake. Chomeka kijiti kila mwisho wa mstari wake, kwani majani hunyauka kabisa na ifikapo Januari hutajua pa kuchimba.