Kuomba uraia wa Marekani bila kujisajili Selective Service: hesabu umri wako kwanza

Fomu N-400, ya kuomba uraia, humuuliza mwanamume kama aliishi Marekani wakati wowote kati ya kutimiza miaka 18 na kutimiza 26, na kama alijisajili Selective Service, idara ya serikali inayotunza majina ya wanaume wanaoweza kuitwa jeshini. Kujisajili si kuingia jeshini. Ni daftari la majina tu, na tangu 1973 hakuna aliyeitwa jeshini kwa lazima. Hata hivyo, jina lisipokuwemo, uraia unaweza kukwama.

Sheria inawagusa wenye grini kadi, wakimbizi, waliopewa hifadhi, hata wasio na karatasi. Muda ni siku 30 baada ya kutimiza 18, au siku 30 baada ya kuingia nchini ukiwa tayari na umri huo. Wanawake hawamo, wala aliyefika akiwa ameshatimiza 26. Mwanafunzi wa viza ya F-1 naye hahusiki, mradi hadhi yake ya mwanafunzi ilikuwa halali mfululizo mpaka 26. Atunze I-20 zote, yaani hati za shule zinazothibitisha hadhi hiyo.

Wanaonaswa zaidi ni vijana waliokuja wadogo. Mtoto ametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma akiwa na miaka 15, familia inahangaika na kodi ya nyumba na shule, anatimiza 18 na hakuna anayemkumbusha. Wazazi, tafadhali iandikeni siku hiyo.

Kabla ya kujaza chochote, ingia sss.gov uhakiki kwa jina la ukoo, namba ya Social Security na tarehe ya kuzaliwa. Wengine walisajiliwa walipoomba leseni ya udereva bila wao kutambua. Kama majina yako yamepishana kwenye hati, tumia mpangilio ulio kwenye kadi ya Social Security.

Hukuti jina na hujafika 26? Jisajili leo, ni bure. Asiye na namba ya Social Security hutumia fomu ya karatasi kwa posta. Ukishatimiza 26 mlango umefungwa, hawakupokei tena.

Kati ya 26 na 31 ndipo kazi ilipo. Ni juu yako kuonyesha kwamba hukukataa kwa makusudi huku ukijua. Iombe Selective Service barua ya kueleza hali yako ya usajili, uiambatanishe na maelezo ya kiapo: uliingia lini, uliishi na nani, ulisoma wapi, ulisikia lini kwa mara ya kwanza kuhusu usajili, na ulifanya nini uliposikia. Maelezo ya “sikujua” peke yake ni mepesi mno. Kama uliwahi kupokea barua yao, usikane. Na barua ikisema ulitakiwa kujisajili, usivunjike moyo, kwani mwamuzi ni afisa wa uhamiaji.

Ukifika 31, kosa la kutojisajili linakuwa nje ya miaka 5 ya nyuma ambayo uhamiaji huchunguza kama ulikuwa na tabia njema. Anayeomba kupitia mke raia huchunguzwa miaka 3, kwa hiyo kwake ni 29. Mwenye ushahidi dhaifu anayekaribia umri huo ni afadhali asubiri. Grini kadi yake haipotei kwa kusubiri, ila aihuishe kwa wakati.

Kwa umri wowote, jibu swali kwa ukweli. Uongo chini ya kiapo wenyewe ni sababu ya kunyimwa uraia, hata pale ambapo kutojisajili kusingekuzuia.